Kigugumizi

"Ikiwaka nakulipa. Isipowaka nakulisha,"
alisema Mama Anansia akinifungulia geti,
Shanty Town, Moshi, saa nane mchana, Januari.
Kibo imejaa dirishani na barafu yake yote
na humu sebuleni mshumaa umepinda bila kuwashwa.

Mashine iko uani, nyuma ya migomba miwili,
sanduku la bati, kubwa kama banda la kuku.
Mwanawe, Elifuraha, aliileta kwa kontena,
akatoboa dari, akapitisha mabomba hadi kila chumba,
akarudi alikotoka
na kijitabu cha maelekezo mfukoni.

Jumatatu inawaka. Jumanne haitaki.
Jumatano inawaka baada ya kuzimwa mara tatu
na kutukanwa Kichaga.
Fundi wa kwanza alijaza gesi, akachukua hela.
Wa pili alisema umeme ni mdogo, akachukua hela.
Mimi nilipindua ndoo, nikakaa, nikasikiliza.

Akabonyeza ukutani. Kontakta: ta!
Kisha mashine ikasema
mmmmmmmm
sekunde nne, tano, sita,
feni imetulia tuli.
Tik. Kimya.

Nikaijua.
Naitwa Mmm—
naitwa Manase.
Darasa la tatu nilisimamishwa nisome ubaoni
na neno la kwanza lilikuwa *mlima*.
Mlima wenyewe ulikuwa pale nje, darasa zima linauona.
Neno nilikuwa nalo. Nguvu nilikuwa nazo,
zinanichemka hadi masikioni.
Kilichokosekana ni kile kisukumo cha mwanzo,
kidogo tu, cha kuvuka herufi moja.

"Mimi huwa naisukuma," akasema mama,
akachomoa ukutani mwiko wa mtori, mrefu,
akaupenyeza kwenye wavu, akaigusa feni panga moja.
Ikashika. Ikaenda.
Majani ya migomba yakageuza matumbo yao meupe.

"Tangu l— tangu l—"
Hakunimalizia.
Watu hunimalizia, wanadhani wananisaidia,
wananipokonya tonge likiwa mdomoni.
Yeye alisimama na mwiko wake, akangoja.
"Tangu lini?"
"Tangu Krismasi."

Nikazima breka, nikang'oa fyuzi za ukutani.
Bisibisi ya mpini wa plastiki juu ya vichwa vya kapasita:
cheche moja ya buluu, deni la jana.
Kopo lilikuwa limevimba kichwa kama chapati inayovuta pumzi.
Limeandikwa arobaini na tano; mita ikasoma ishirini na nane.
Na katikati ya midomo ya kontakta, sisimizi,
wamekaangwa wakavu, wamepangana
kama waliokuwa kwenye foleni ya kitu kizuri.
Nikawatoa kwa mswaki.

Yule wa pili hakuwa mwongo kabisa.
Saa moja jioni, majiko ya mtaa mzima yakiwaka,
ukutani zinafika volti mia na tisini.
Mtu mzima angepita.
Mwenye kigugumizi hukwama hapo hapo.

Nikachukua bodaboda hadi Mbuyuni, kwa Shirima,
elfu thelathini na tano, hapunguzi hata kwa ndugu yake.
Nikarudi, nikafunga nyaya tatu kwa rangi zake,
nikamwambia mama abonyeze.

Ta! Vuuuu.
Hapo hapo, bila kuwaza.
Akazima. Akawasha. Akazima tena, akawasha,
akicheka kama mtoto aliyegundua kengele ya mlango.
Nikamkataza: iache dakika tano ipumue,
hata anayejua kusema hasemeshwi mfululizo.

Akanilipa. Akanilisha pia,
mtori, kwa mwiko ule ule, umesuguliwa kwa jivu.
Baridi ilikuwa inatambaa darini, chumba kwa chumba,
inabisha kwenye vitundu vilivyosahauliwa.
"Na wewe," akauliza, "mwiko wako alikuwa nani?"

Nikafungua mdomo.
Akaweka bakuli chini, akangoja.
Neno lilikuwa fupi.
Lilianza na m.